Chumvi Iliyo Ndani ya Jiwe

Mtu asimamaye Kiminini, katika njia itokayo Bungoma kwenda Kitale, huuona Mlima Elgon, mlima wa moto uliozimika zamani sana. Majivu yake yaligandamana yakawa jiwe laini lenye chumvi. Katika pango la Kitum ndovu huingia gizani usiku, wakalivunja jiwe hilo kwa pembe zao na kulitafuna. Wenyeji nao walikuwa wakipeleka ng'ombe mapangoni, kwani mnyama alaye majani matupu hupungukiwa na chumvi.

Yako na mawe yaliyogeuzwa na joto na uzito chini ya ardhi. Mengi ya hayo ni magumu. Basi mkulima asilitambue jiwe kwa rangi tu. Alikwaruze kwa msumari: ugumu wa madini yaliyomo hausemi uongo.