Galaktosi: Sukari ya maziwa inapogeuka sumu kwa mtoto mchanga

Mtoto huzaliwa akiwa na afya njema na kunyonya vizuri, kisha baada ya siku chache huanza kutapika, kulegea na kuwa na rangi ya manjano machoni. Kwa watoto wachache sana, chanzo cha hali hiyo ni sukari iliyomo katika maziwa yenyewe.

Sukari kuu ya maziwa huitwa laktosi. Mililita 100 za maziwa ya mama huwa na takriban gramu 7 za sukari hiyo; ya ng'ombe, karibu gramu 5. Utumboni, laktosi huvunjwa kuwa sukari mbili sahili, glukosi na galaktosi. Galaktosi hufika kwenye ini, ambako vimeng'enya huigeuza kuwa glukosi, inayoupa mwili nguvu.

Mtoto aliyezaliwa na upungufu mkubwa wa kimeng'enya kiitwacho GALT hawezi kuikamilisha kazi hiyo. Galaktosi hulimbikizana mwilini, huharibu ini, husababisha mtoto wa jicho na humweka katika hatari ya maambukizi makali ya damu. Asipotibiwa mapema, anaweza kufariki dunia.

Maradhi haya, yaitwayo galaktosemia, hurithiwa. Wazazi wote wawili wakibeba kasoro hiyo, hata kama wao ni wazima, kila mimba huwa na uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Ni tofauti na hali ya watu wazima wengi ambao maziwa huwajaza tumbo gesi au kuwaharisha. Hao hushindwa kuivunja laktosi, wala maisha yao hayamo hatarini.

Katika nchi kadhaa, watoto hupimwa kwa matone ya damu yanayotolewa kisiginoni siku za mwanzo. Akigundulika, mtoto huachishwa mara moja maziwa ya mama na ya ng'ombe, akapewa maziwa maalumu ya soya.

Hata hivyo, manjano kwa watoto wachanga huwa na sababu nyingi, na maziwa ya mama hubaki chakula bora kwa takriban watoto wote. Mama asimwachishe mtoto kwa kukisia. Amwahishe hospitalini, na kama aliwahi kumpoteza mtoto kwa dalili kama hizo, amweleze daktari. Habari hiyo moja yaweza kumwokoa huyu wa sasa.