KUPANGA CHUMBA UGENINI: TULIYOJIFUNZA KULE DELHI

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini je, mgeni akiwa si wa siku tatu bali wa miezi mitatu, tena katika nchi ambako hana shangazi wala binamu, na ameandamana na mgonjwa? Atalala wapi? Atalipa kodi kiasi gani? Hayo ndiyo ninayokusudia kuyaeleza katika ukurasa huu.

Mwaka wa 2023 baba yangu alipelekwa Delhi, India, kubadilishiwa figo. Baba mdogo ndiye aliyejitolea kumpa figo yake moja, naye mama alifuatana nao ili awauguze. Majirani, jamaa na hata baadhi ya walimu wetu walichanga katika harambee. Pesa zile zilikuwa za hospitali. Hakuna aliyekumbuka kuwa kodi ya nyumba nayo ingedai fungu lake! Sisi watoto tulibaki na nyanya tukingojea simu. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, kwa hivyo sisi tukila chakula saa mbili usiku, kwao ilikuwa ni saa nne na nusu, na mama alikuwa akisinzia.

Pengine utauliza, kwa nini mtu akae huko muda mrefu hivyo? Jibu ni kwamba figo haibadilishwi siku moja kama tairi ya gari. Mwaka wa 1994 India ilitunga sheria ya kuzuia biashara ya viungo vya binadamu. Kwa sababu hiyo kuna kamati ambayo huchunguza kama kweli anayetoa na anayepokea ni jamaa. Hati hukaguliwa, damu hupimwa, watu huhojiwa. Baada ya upasuaji, mgonjwa hurudi hospitalini mara kwa mara ili madaktari waone kama mwili umeikubali figo mpya. Watu wetu walikaa majuma kumi na mawili. Hoteli kwa muda huo wote? Labda kama wewe ni tajiri!

Sasa nieleze kosa letu la kwanza. Kabla ya safari, mtu mmoja aliwaambia wazee kwa simu kuwa ana chumba safi karibu na hospitali, ila lazima walipe mwezi mzima. Wakalipa. Walipofika, lo! Chumba kilikuwa orofa ya tatu, lifti hakuna, dirisha linatazama ukuta, na choo ni cha vyumba vitatu. Baba alipanda ngazi akipumzika kila hatua ya nne. Walipodai pesa zao, waliambiwa ati pesa ikishaingia haitoki. Mama alilia kidogo, kisha akajifunga kibwebwe na kwenda kutafuta kwingine kwa miguu.

Hapo ndipo palipo na funzo kubwa kuliko yote: usilipie muda mrefu chumba ambacho hujakiona. Lipa siku tatu au nne za kwanza tu mahali popote penye usafi. Halafu, mgonjwa akipumzika, mmoja wenu azunguke mitaani akitafuta. Chumba huchaguliwa kwa macho, si kwa picha.

Atafute wapi? Aanzie karibu na hospitali. Hospitali kubwa za Delhi zimezungukwa na mitaa yenye nyumba za kupangisha wagonjwa na jamaa zao. Kwa mfano, karibu na hospitali iliyo Sarita Vihar kuna mtaa wa Jasola, nao wale wanaotibiwa upande wa Saket hutafuta Malviya Nagar na Hauz Rani. Hospitali nyingi zina ofisi ya kuwahudumia wagonjwa kutoka nje, na ofisi hiyo huweza kukuelekeza. Kuna pia dharamshala, yaani nyumba za hisani ambazo hutoza pesa kidogo, ingawa baadhi hutaka barua ya hospitali. Dalali naye yupo, lakini ujira wake mara nyingi ni kodi ya nusu mwezi au mwezi mzima. Muulize mapema, la sivyo utashangaa.

Mambo ya bei sasa. Rupia si neno geni kwetu, maana hata hapa Kenya ilikuwa ndiyo pesa yetu hadi mwaka wa 1920. Tuseme chumba ni rupia 1,500 kwa siku. Kwa siku thelathini hizo ni rupia 45,000. Mwambie mwenye nyumba, "Mimi nakaa miezi miwili, nipe bei ya mwezi." Akikubali rupia 24,000, umeokoa rupia 21,000. Lakini usisahau hesabu nyingine. Chumba cha bei nafuu kilicho mbali kitakutoza nauli ya tuktuk kila siku, kwenda na kurudi. Chumba kisicho na jiko kitakulazimisha kununua chakula mkahawani mara tatu kwa siku, tena watu watatu! Mama anasema jiko ndilo lililowaokoa zaidi ya kitu kingine chochote. Bei ya kweli ni kodi, nauli na chakula vikijumlishwa pamoja.

Kabla ya kutoa pesa, uliza maswali haya. Kwanza, stima ni juu ya nani? Wengi husoma mita na kukutoza kwa yuniti, na Delhi mwezi wa Mei na wa Juni joto hupita digrii 40, kwa hivyo kiyoyozi hakizimwi. Pili, nyama inaruhusiwa? Wenye nyumba wengine hawali nyama wala hawataki ipikwe kwao. Heshimu hilo au tafuta kwingine. Tatu, choo ni chako peke yako? Mtu aliyebadilishiwa figo humeza dawa zinazopunguza nguvu za mwili za kupigana na magonjwa. Choo cha watu wengi na maji yasiyosafishwa ni hatari kwake. Nne, nikiondoka mapema nitarudishiwa pesa za dhamana? Jibu liandikwe kwenye karatasi, na kila malipo yapewe risiti.

Halafu kuna stakabadhi. Serikali ya India humtaka kila anayempangisha mgeni atoe taarifa zake kwa idara ya uhamiaji ndani ya saa 24. Kwa hivyo akikuomba nakala ya pasipoti na ya viza, usimwone mbaya. Yule asiyeuliza lolote ndiye wa kuogopwa. Na jambo dogo lakini lina maana: plagi zetu zina meno bapa, zao zina meno ya mviringo. Beba adapta, la sivyo simu itazima siku ya kwanza.

Hatimaye mama alipata chumba cha orofa ya chini, chenye jiko na choo chake, mwendo wa dakika kumi kutoka hospitalini. Alilipia majuma mawili kwanza, akaona ni pazuri, ndipo akaomba bei ya mwezi. Mwenye nyumba alikuwa mama mzee. Hawakuelewana sana kwa lugha, lakini waliposema "duka", "chai" na "chapati" walicheka, kwani maneno hayo yalitoka kwao yakaja kwetu. Huko mwenye nyumba huitwa "makan malik", na mwanachama yeyote wa chama chetu atalitambua hilo neno la pili: ni ndugu yake "miliki".

Baba alirudi nyumbani, na baba mdogo yu mzima. Pesa ambazo mama aliokoa kwa kuhama zilinunua dawa za miezi ya kwanza, na dawa hizo baba atazimeza maisha yake yote. Ndipo nilipotambua kuwa kodi ya chumba si jambo dogo. Kila shilingi inayopotea kwa chumba kibaya imetoka mfukoni mwa mtu aliyemchangia mgonjwa.

Kwa hivyo ndugu msomaji, siku ukisafiri, iwe ni kwa masomo, kazi au kumuuguza mtu wako, kumbuka: lala siku chache, tazama kwa macho yako, jumlisha gharama zote, kisha ndipo ulipe. Haraka haraka haina baraka. Kwaheri ya kuonana.