Kompyuta ya dispanseri ikikufa, utaiamsha na nini?

Ndugu mfanyakazi, wewe unayeandika fishi za wagonjwa kwenye kompyuta, habari hii ni yako. Na wewe unayeshuka chini ya mgodi, soma pia, sababu fishi yako iko ndani ya mashini ile.

Ugonjwa wa vumbi la mawe, yaani silikosisi, mara nyingi unaonekana kisha miaka 10 ama zaidi ya kuvuta vumbi. Ili kuona kama mapafu yanaharibika, muganga anaweka picha ya leo karibu na picha za zamani. Zikipotea, atalinganisha na nini? Na mtu asiyevumilia penisilini, nani atamjua usiku?

Umeme unakatika mara kwa mara, joto na vumbi vinaingia. Siku moja Windows inakataa kuwaka. Kwa hiyo tengeneza flashi ya kuamsha mashini wakati mashini ingali nzima. Hakuna anayekwenda kununua bandeji wakati damu inamwagika.

Fanya hivi:

1. Chukua flashi mpya ya GB 32. Usitumie yenye kazi zako, sababu kila kitu kilichomo kitafutwa.

2. Kwenye mahali pa kutafutia pa Windows, andika «lecteur de récupération». Weka alama mbele ya «Sauvegarder les fichiers système sur le lecteur de récupération». Fuata maagizo, kisha ngoja. Kazi inaweza kuchukua saa nzima ama zaidi, usichomoe flashi.

3. Ikiisha, fungua flashi, ongeza folda moja: weka programu ya printa, programu ya fishi, na kila kitu utakachohitaji kusimika upya. Windows itarudi, lakini programu hizo hazitarudi zenyewe.

4. Ijaribu. Zima mashini, ingiza flashi, washa huku ukibonyeza F12 (Dell na Lenovo nyingi) ama F9 (HP). Ukiona ukurasa wa kuchagua klavye, flashi ni nzuri. Simama hapo. Zima, chomoa.

5. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, andika namba zake 48 kwenye karatasi. Ifungie kabatini, mbali na flashi. Bila namba hizo, mashini inaweza kukataa kukufungulia diski.

Sasa angalia hatari kubwa. Flashi hii haibebi fishi za wagonjwa. Tena, ukichagua «Récupérer à partir d'un lecteur», Windows inasimikwa upya na fishi zote zilizomo zinafutwa. Jaribu kwanza «Réparation du démarrage», ambayo haigusi fishi. Ikishindwa, usiendelee kama huna nakala. Mwite fundi atoe diski na kuokoa fishi kwanza.

Ndiyo sababu unahitaji kitu cha pili: diski ya nje ya nakala. Kila jioni nakili fishi na picha, kisha chomoa diski. Ikiachwa imechomekwa, virusi ama umeme uliorudi kwa nguvu vinaweza kuua mashini na nakala pamoja. Ifungie kwa ufunguo: siri ya mgonjwa si ya kila mtu. Mara moja kwa mwezi, fungua fishi chache kutoka diski ile uone kama zinasomeka.

Flashi ifanye upya kila mwaka, sababu Windows inabadilika. Andika tarehe juu yake.

Ndugu, lampu yako unaipima kabla ya kushuka, si ukiwa tayari gizani. Pima na flashi yako vilevile. Juma hili, uliza katika dispanseri yenu: flashi iko wapi, na nani aliijaribu mwisho? Kama hakuna anayejua, kazi ianze leo.