Betri kwenye mitambo midogo ya maji: nani anunue, nani asubiri

Watu wa Nyanda za Juu Kusini hawakukaa kusubiri nguzo za TANESCO. Matembwe, mkoani Njombe, kuna mtambo wa maji wa kilowati 120 uliojengwa miaka ya 1980. Mawengi, wilayani Ludewa, kuna kilowati 300 zinazosimamiwa na jumuiya ya watumiaji, LUMAMA. Kule Ruvuma, masista Wabenedikti wa Chipole wana Tulila, iliyoanza mwaka 2015 ikiwa na megawati 5. Chini ya hao wakubwa wamo wenye kilowati 5, 10 au 20: misheni, shamba, kikundi cha kijiji, au fundi mmoja mwenye mto nyuma ya nyumba. Hawa wa mwisho ndio wanaoguswa zaidi na biashara mpya ya inveta za betri.

Shida yao haiko kwenye wingi wa umeme peke yake. Mota ya mashine ya kusaga ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule inaotumia ikishakolea mwendo. Mtambo mdogo hauna pa kuutoa. Jenereta inapungua kasi, hezi 50 zinashuka, volteji inaporomoka, taa zinafifia kijiji kizima na friji ya duka inaanza kunguruma. Wala huwezi kusema ufungue maji zaidi haraka, kwa sababu maji yaliyojaa kwenye bomba refu ni tani kadhaa za uzito. Hayaongezi kasi papo hapo, na ukiyakatiza ghafla yanapasua bomba.

Ndiyo maana mitambo mingi ya ukubwa huu huachwa izunguke kwa nguvu zote usiku na mchana, huku kidhibiti cha kielektroniki kikipeleka umeme usiotumika kwenye hita za kuchemshia maji. Mbinu hiyo ni rahisi na imetumika miaka mingi. Lakini kidhibiti hicho kinajua kumwaga tu, hakijui kuongeza. Mzigo ukizidi uwezo wa jenereta, hakina msaada.

Inveta yenye betri inajua yote mawili. Mota inapowaka, inveta inatoa nguvu ya ziada ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, jenereta isihisi mshtuko. Usiku wa manane watu wakilala, inageuka na kuchaji betri kwa umeme ambao ungeishia kwenye hita.

Tuchukue mfano wa hesabu. Lita 30 za maji kwa sekunde, zikishuka mita 60, kwa mtambo wenye ufanisi wa asilimia 60, hutoa kama kilowati 10. Kwa saa 24 hizo ni uniti 240. Sema wateja wanahitaji kilowati 20 kati ya saa 12 jioni na saa 4 usiku, na wastani wa kilowati 4 saa zilizobaki. Jumla yao ni uniti 160 kwa siku, chini kabisa ya kinachozalishwa, lakini kila jioni kijiji kiko gizani kwa sababu kilowati 10 haziwezi kubeba 20. Pengo la jioni ni uniti 40. Betri ya uniti 60 inalifunika, ikibakiza akiba ili isikaushwe kila siku, na upotevu wa kuchaji ukiwa umehesabiwa.

Njia ya pili ni kununua mtambo mkubwa mara mbili, ambao utataka maji mara mbili. Mwezi Oktoba maji hayo yatatoka wapi?

Bei nayo imebadilika. Mwaka 2024 wastani wa dunia wa bei ya pakiti za betri za lithiamu ulikuwa kama dola 115 kwa kila uniti ya uwezo, wakati mwaka 2010 ulipita dola 1,000. Wastani huo umebebwa na magari ya umeme ya wanunuzi wakubwa, kwa hiyo mwenye mtambo wa Makete asitarajie kuuona kwenye ankara yake. Aongeze usafiri, inveta yenyewe, nyaya, na fundi anayelala nyumba ya wageni siku tatu. Hata hivyo, miaka 15 iliyopita hesabu hii isingefikirika kabisa.

Sasa mambo ambayo muuzaji hatakwambia. Inveta nyingi zimetengenezwa zikitarajia umeme uliotulia. Jenereta ikiyumba, inveta inaona hezi zimetoka nje ya kiwango chake na inakataa kuupokea. Inakata, inarudi, inakata tena. Dawa ni kupanua mipaka kwenye mipangilio yake na kuiwekea kikomo cha mkondo itakaouvuta kutoka kwenye mtambo, ili ya ziada itoke kwenye betri. Jingine ni kosa la gharama kubwa: kung'oa hita za zamani kwa kuwa "sasa tuna betri". Betri zikijaa, umeme unataka pa kwenda. Usipokuwa na mahali, turbini inaweza kukimbia karibu mara mbili ya kasi yake ya kawaida, na beringi hazisamehe. Hita zibaki.

Kwa wakubwa, hesabu ni nyingine. Mwenga, kule Mufindi, yenye megawati 4 tangu 2012, inahudumia vijiji na kuiuzia TANESCO. Ukame ulipokuwa kero, mwaka 2020 waliongeza mitambo ya upepo ya megawati 2.4 badala ya kutegemea maji peke yake. Aliyeunganishwa na gridi ya taifa anapata utulivu wa hezi kutoka huko huko. Betri kwake ni suala la mkataba wa mauzo.

Nchini Tanzania mtambo wa chini ya megawati 1 hauhitaji leseni ya EWURA, lakini kutohitaji leseni hakukupi mapato. Kijiji ambacho kila nyumba hulipa kiasi kimoja kwa mwezi, bila mita, kitaimaliza betri saa 3 usiku kwa pasi na majiko, kisha kitamlaumu fundi. Kwa hiyo mita za kulipia kabla zitangulie. Kabla ya mita, safisha chujio la banio na uzibe mfereji unaovuja, maana nimeona watu wakitafuta mkopo wa betri huku theluthi ya maji yao inaishia kwenye mashamba ya njiani. Pia kaa na mwenye mashine ya kusaga mkubaliane asage mchana. Ukishafanya hayo matatu na jioni bado umeme hautoshi, hapo ndipo umwite muuzaji wa inveta.