Kabla Hamjakifuta Kishikwambi

Juma lililopita tulikuwa Nakuru, mtaa wa Bondeni, kumzuru mama mmoja aliyezaliwa Mombasa na kuolewa huko bara zaidi ya miaka 40 iliyopita. Alikuwa ametoka eda. Tulikwenda kumpa mkono wa tanzia na kunywa chai naye, wala hatukutazamia kwamba jioni yetu nzima ingekwenda katika kushughulikia waifai.

Baada ya maamkizi alituletea kishikwambi kilichofungwa ndani ya leso. Binti yake aliye Muscat ndiye aliyekituma, ili waonane wanapozungumza. Baba alipofariki, binti hakuwahi mazishi, na kwa muda wote wa eda, miezi minne na siku kumi, mama na mwana walizungumza kwa simu ya kawaida, dakika chache kwa gharama kubwa. Kishikwambi kilikuwa sandukuni. Mama hakuwa na moyo wa kukigusa, kwa sababu ndani yake mna sauti ya marehemu. Alizoea kujirekodi akiwasimulia wajukuu habari za utoto wake, na rekodi hizo hazikuwa mahali pengine popote.

Siku alipokitoa na kukichaji, alama ya waifai ilitokea, na chini yake maneno: imeunganishwa, hakuna intaneti. Hakuna ukurasa uliofunguka wala simu iliyopita. Mjukuu mkubwa akakipeleka kwa fundi mmoja mjini. Fundi alikitazama kidogo, akasema dawa ni kukifuta chote kianze upya kama kilivyotoka dukani. Alhamdulillah, kijana aliomba kwanza akamuulize bibi yake.

"Wanangu," mama alituambia, "mimi siujui huo mtandao. Lakini wakikifuta, watamfuta na yeye."

Swali la kwanza katika jambo hili ni nani mgonjwa: kifaa, au mtandao? Tuliunganisha simu zetu mbili na waifai ile ile ya nyumbani, zikafanya kazi bila taabu. Basi ruta ilikuwa nzima, na malipo ya mwezi hayakuwa yamekwisha. Kama simu zote za nyumba zimekwama, hakuna haja ya kukitesa kifaa kimoja. Zimeni ruta, ngojeni nusu dakika, iwasheni, kisha ipeni dakika mbili tatu. Na kama mtaa mzima umekwama, hata ruta haina kosa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, intaneti ikazorota Kenya na nchi jirani, na hakuna la kufanya sebuleni ambalo lingeweza kusaidia. Wenzetu wa bara husahau kwamba intaneti yao hupandia kwetu pwani. Waya wa TEAMS, kwa mfano, ulifika Mombasa mwaka 2009 ukitokea Fujairah, pande zile zile yalikotokea majahazi kwa upepo wa kaskazi.

Kisha tulifikiria kuta. Nyumba ile ni ya mawe, ruta imekaa juu ya kabati la sebuleni, na mama hupenda kuzungumza na bintiye akiwa chumba cha ndani. Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 2.4, yanayofika mbali na kupenya ukuta vizuri zaidi, na ya gigahezi 5, yenye kasi lakini huchoka upesi mbele ya mawe. Ruta ikionyesha majina mawili, chagueni la 2.4 kwa chumba cha mbali. Tulikileta kishikwambi mpaka kando ya ruta. Hakikubadilika.

Hapo tukafanya kosa letu wenyewe. Tulikiambia kifaa kisahau mtandao ule ili tuuingize upya, jambo ambalo husaidia mara nyingi, hasa nywila inapokuwa imebadilishwa. Ndipo tukatambua kwamba hatuna nywila. Kibandiko cha chini ya ruta kilikuwa na ile ya kiwandani, nayo ilikwisha kubadilishwa na kijana wa jirani, ambaye siku hiyo alikuwa kazini Naivasha. Hakupokea simu mpaka baada ya Magharibi. Muda wote huo mvua inapiga bati, mama anatutazama, nasi tumekiacha kifaa chake katika hali mbaya kuliko tulivyokikuta. Andikeni nywila kwanza.

Tuliporudi katika mtandao, maneno yalikuwa yale yale. Ni mjukuu mdogo, msichana, aliyetazama kona ya skrini akacheka: "Nyanya, hii inasema ni mwaka 2018."

Betri ilipokauka kabisa kwa miezi ile, saa ya ndani ilipotea, na kilipowashwa kikaanza kuhesabu tangu tarehe ya kiwandani. Simu yenye laini huweza kupata saa kutoka kwa mtandao wa simu. Kishikwambi kile hakina mahali pa laini, na sehemu ya kujirekebisha saa chenyewe ilikuwa imezimwa. Mtu atauliza, tarehe na intaneti wapi na wapi? Kurasa na programu nyingi za leo huzungumza kwa siri, na kabla ya mazungumzo huonyesha cheti, kama mgeni aonyeshavyo kitambulisho mlangoni. Cheti hicho kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kifaa kinachoamini kuwa ni 2018 kikiona cheti kilichotolewa mwaka huu, hukihesabu kuwa hakijaanza kutumika, kikafunga mlango. Hata jaribio ambalo kifaa hujifanyia ili kijue kama intaneti ipo huweza kushindwa kwa sababu hiyo hiyo, na mwenye nyumba akabaki kuilaumu ruta.

Tuliingia katika Mipangilio, tukaandika tarehe ya siku ile kwa mkono, tukachagua saa za Afrika Mashariki, kisha tukawasha sehemu ya saa kujirekebisha. Haikutimia dakika mbili, kurasa zikafunguka.

Lau tarehe isingekuwa ndiyo sababu, bado ilikuwapo hatua moja kabla ya ile ya fundi. Vifaa vingi vina namna mbili za kuweka upya, na majina yake hukaribiana mno kwenye skrini. Kuweka upya mipangilio ya mtandao hufuta nywila za waifai na vifaa vya Bluetooth vilivyounganishwa. Picha, rekodi na ujumbe hubaki. Kurudisha kifaa katika hali ya kiwandani hufuta vyote. Mwenye kifaa ana haki ya kumuuliza fundi anakusudia ipi kati ya hizo mbili, na kumtaka anakili kwanza vilivyomo, hata kama foleni nyuma yake ni ndefu. Kina mama wengi huona haya kuuliza, na haya hiyo, kwa maoni yetu, huwagharimu kuliko ubovu wenyewe.

Baada ya Isha kishikwambi kililia. Muscat wako saa moja mbele yetu, na binti alikuwa ametoka kazini. Walitazamana bila kusema neno, mpaka tukadhani picha imeganda na mmoja wetu akanyoosha mkono kutaka kugusa mipangilio tena. Kisha mama akasema, "Mbona umekonda, mwanangu?"

Tulitoka kibarazani kuwapisha. Kabla ya kuaga usiku ule tulinakili rekodi za marehemu kwenye kadi ya kumbukumbu na kwenye simu ya mjukuu mkubwa, na nyingine tukampelekea binti Muscat. Nywila ya waifai mama ameiandika kwa penseli, ndani ya mlango wa kabati.