Kikundi kikitaka kwenda Nakuru kuona maboma ya kale

Kikundi kikishaweka akiba mwaka mmoja au miwili, huja siku mtu anasimama mkutanoni na kusema, "Jameni, na sisi tutatembea lini?" Wengine wanacheka, wengine wanapiga makofi, na mweka hazina anakunja uso. Safari ya kikundi si anasa, lakini isipopangwa huleta maneno mpaka kikundi kinavunjika. Hapa tunaeleza safari moja ambayo inawafaa hasa wafugaji wa Balambala na vijiji vya karibu, yaani safari ya Nakuru kwenda kuona mabaki ya watu wa kale pale Hyrax Hill, kilima cha pimbi.

Nakuru ni jiji la nne la Kenya tangu tarehe 1 Desemba 2021. Limekaa ndani ya Bonde la Ufa, lakini juu sana, karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari. Sisi kando ya Tana tuko chini ya mita 300. Kilima chenyewe kiko nje kidogo ya mji, karibu na barabara kuu ya kutoka Nairobi, na kinatunzwa na Makumbusho ya Taifa. Mary Leakey alichimba pale mwaka 1937 na 1938, mwaka 1943 mahali hapo pakatangazwa kuwa pa kuhifadhiwa na sheria, na mwaka 1965 nyumba ya shamba iliyokuwa pale ikafanywa makumbusho madogo.

Kuna nini cha kuona?

Msitegemee majumba marefu. Mtu akiambiwa "magofu" anafikiri kuta na minara kama ya Gedi kule Malindi. Hyrax Hill utaona mawe, makaburi na mashimo kwenye nyasi, na mtu asiyeelezwa anaweza kupita akasema hakuna kitu. Kwa hiyo msitembee peke yenu. Ombeni mfanyakazi wa makumbusho awatembeze na kueleza.

Mashimo hayo ndiyo sababu tunasema safari hii ni ya wafugaji. Zamani wataalamu walidhani watu walikuwa wakiishi humo chini. Baadaye ilieleweka kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Watu wanaoitwa Sirikwa, ambao masimulizi ya Wakalenjin yanawataja, walichimba kwenye mteremko mahali pa mviringo, wakazungushia ukuta, wakaacha mlango mmoja upande wa chini. Nyumba zilijengwa zikiungana na zizi, na mlango wa nyumba ulifungukia ndani ya zizi lenyewe. Mwizi akitaka kufika kwa ng'ombe ni lazima apite mlango ule mmoja, na mwenye mali amelala hapo hapo. Kila siku samadi na tope vilisukumwa nje, vikafanya kilima kidogo karibu na mlango, na kilima hicho bado kinaonekana baada ya mamia ya miaka.

Sasa fikirini boma letu la miiba. Tukihama, miiba inaoza au inachomwa, na baada ya miaka michache hakuna dalili ila udongo wenye rutuba. Hawa walichimba, sisi tunahama. Wazee wakisimama pale watakuwa na mengi ya kuuliza: maji walitoa wapi? Ukame ulipokuja walifanya nini? Maswali hayo msiyaache nyumbani, katibu ayaandike mapema.

Upande mwingine wa kilima kuna makaburi ya watu wa zamani zaidi, miaka kama 3,000 iliyopita, ambao nao walifuga. Wanawake wengine walizikwa na sahani za mawe. Pia kuna mwamba uliochongwa vishimo vya bao. Wale wanaocheza shax chini ya mti jioni watapenda kuuona huo kuliko vitu vyote. Na jambo moja la kushangaza: maelfu ya miaka iliyopita ziwa Nakuru lilikuwa kubwa mno, maji yakafika mpaka kwenye kilima hiki.

Msichukue jiwe lolote wala kipande cha chungu kuwa kumbukumbu. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi wa taifa inakataza.

Baridi na pumzi

Watu wa kwetu huogopa milima, wakisikia kwamba huko juu mtu anakosa pumzi. Ukweli ni kwamba ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza mtu akipita mita 2,500 na kulala huko. Nakuru haijafika hapo. Hewa yake ni nyepesi kidogo, kwa hiyo mtu akipanda kilima haraka atahema kuliko alivyozoea. Atembee polepole, apumzike, anywe maji. Lakini mwenye siko seli, ugonjwa wa moyo, pumu kali au upungufu mkubwa wa damu aende kwanza zahanati aulize kabla ya kulipa nauli. Mama mjamzito vilevile. Mwenye dawa za presha au sukari abebe za siku zote za safari na mbili za ziada, tena azibebe mkononi, si kwenye mzigo ulio juu ya basi.

Baridi ndiyo itakayowapata hasa. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua kama nusu digrii au zaidi kidogo. Hesabu mwenyewe kutoka kwetu mpaka mita 1,850: ni kama digrii kumi. Mwezi wa Julai usiku wa Nakuru si mchezo. Shuka jepesi halitoshi. Kila mtu awe na sweta, soksi na viatu vilivyofungwa, na wazee wawe na kofia. Njiani mtapita Limuru, ambako ni juu zaidi ya Nakuru na mara nyingi kuna ukungu, kwa hiyo sweta liwe karibu. Na mkijipikia wenyewe, jueni kwamba huko maji huchemka kabla ya kufikia joto la huku, kwa hiyo maharagwe hukaa motoni muda mrefu. Ongezeni kuni au makaa kwenye hesabu.

Njia na wakati

Kutoka Garissa mpaka Nairobi ni kama kilomita 370, halafu Nairobi mpaka Nakuru kama 160. Msijaribu kumaliza yote kwa siku moja na wazee ndani ya gari. Laleni Nairobi; wengi wana jamaa Eastleigh, na kulala huko pia kunauzoesha mwili baridi.

Kipande kigumu ni kile cha mwanzo, Balambala mpaka Garissa, wakati wa mvua. Halafu kuna daraja na Madogo. Tunakumbuka Novemba 2023 na tena Aprili 2024, Tana ilipofurika na kukata barabara, abiria wakavushwa kwa mashua, na watu wakapoteza maisha. Basi msipange safari Aprili, Mei, Oktoba wala Novemba, hata kama mwenye basi anapunguza bei. Januari na Februari ni kukavu, na Agosti mpaka Septemba pia panafaa. Tazameni na kalenda ya Ramadhani. Katibu apange mapema mahali pa kusimama kwa sala na pa kupata chakula cha halali. Msiache mpaka dereva aamue.

Vitambulisho vikaguliwe wiki mbili kabla, si asubuhi ya safari. Barabara yetu ina vizuizi vingi vya polisi, na mzee mmoja asiye na kitambulisho anaweza kulisimamisha gari zima. Utaratibu wa kupigwa msasa kwa watu wa kaunti za mpakani ulifutwa kwa tangazo la Rais mwezi Februari 2025, kwa hiyo ambaye bado hana na aende kuomba sasa. Bebeni pia barua ya chifu yenye majina yote.

Pesa

Pesa ya safari isitoke kwenye mfuko wa mikopo wala wa mbuzi. Fungueni daftari lake. Kwa mfano, watu 20 wakitoa shilingi 100 kila wiki, baada ya wiki 30 wana shilingi 60,000. Hapo ndipo mnaita wenye magari na kuuliza bei, na muulize wazi kama imeingiza mafuta, chakula na malazi ya dereva, na mahali pa kuegesha. Malipo ya kwanza yawe na risiti. Kiingilio cha makumbusho siku hizi hulipwa kwa simu kupitia mtandao wa serikali, kwa hiyo awepo mtu mwenye simu na pesa ndani yake. Pigeni simu kabla kuuliza bei ya mwaka huo.

Kama pesa inatosha watu wanane tu, waende wanane. Lakini tafadhali, si mwenyekiti na ndugu zake. Pigeni kura ya karatasi, wanawake wapate nusu, na awepo mzee mmoja anayejua habari za malisho ya zamani.

Mtu atasema, "Tukifika Nakuru tuingie na mbugani tuone heroe." Bei yake ni kubwa zaidi, na ndani hamtembei kwa miguu. Tena tangu miaka ya 2010 ziwa limepanda, likameza hata lango la zamani, na heroe wengi wakahamia Bogoria. Kwa safari ya kwanza tungeliacha. Kilimani asubuhi, chakula mjini, na mchana gari lishike njia ya Nairobi kabla giza halijaingia.