Kutu Haizibwi kwa Mbao

Je, una Kombi kuukuu ambayo ungependa familia yako ilale ndani mnapozuru Nanyuki au Naivasha? Basi usikimbilie kupiga mbao mpya. Ng'oa kwanza zile za zamani ulitazame bati.

Mtu aliyelala hutoa mvuke anapopumua. Usiku wa baridi, mvuke huo hugusa bati na kugeuka maji. Ukiweka sponji ya godoro nyuma ya mbao, itayafyonza maji hayo, na bati litaliwa na kutu mahali usipopaona.

Kwa hivyo, kwangua kutu yote kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu na uiache ikauke kabisa. Kisha gundisha sponji ngumu isiyofyonza maji, ishikane na bati bila kuacha nafasi. Malizia kwa plaiwudi ya milimita 3, ukiifunga kwa skrubu ili siku nyingine uweze kuifungua na kukagua.

Mnapolala, acheni dirisha wazi kidogo. Jiko la makaa lisiingie ndani kamwe. Hewa yake yenye sumu huua bila kunusika.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kutu ukiiziba bila kuiondoa, utanunua gari jingine.